Mnazi Hushukwa Kinyumenyume

Mnazi hushukwa kinyumenyume. Ndivyo alivyosema shangazi yenu leo asubuhi, nanyi mkabaki mnatazamana. Alikuwa akimwambia Ridhiwani, aliyejitoa kwenye maandalizi ya harusi ya mdogo wake kwa sababu ya rangi ya maturubai, na sasa anazunguka nje ya ua akinusa pilau, hajui aingie vipi. Mkauliza: mnazi na maturubai wapi na wapi? Swali zuri. Sogezeni mikeka. Anayechambua mchele aendelee kuchambua, masikio hayahitaji mikono. Methali hii ina wenyewe, na chanzo chake ni paka. Ilianza hivi.

Paka huyo aliitwa Shombo, na jina lilimfaa, maana palipoparuliwa samaki hapa kijijini Kitumbini hakukosekana. Alikuwa paka wa Mize binti Pandu, mke wa Vuai mkwezi. Vuai alikuwa mkwezi hasa. Minazi iliyowatoa wengine jasho, yeye aliipanda akipiga mluzi, kitanzi cha kamba miguuni na panga kiunoni, na kabla hujamaliza kumsalimia mama yake nazi zilikwisha kudondoka.

Lakini ukwezi si nguvu tu, una adabu zake. Aliye juu ya mnazi huona nyua zote za jirani, na ndani ya nyua wanawake huwa wamevua mitandio, wanasukana, wanaoga nyuma ya kiambaza cha makuti. Kwa hiyo kabla mguu haujaacha ardhi, mkwezi husimama shinani akapaza sauti: "Hodi wenye nyua! Mkwezi anapanda!" Husubiri kidogo watu wajistiri, ndipo akapanda. Na adabu ya pili ni kwamba anachokiona juu hukiacha huko huko juu. Mkwezi anayeshuka na habari za nyua za watu hapewi tena mnazi wa kukwea.

Sasa siku moja Vuai alikuwa na wageni, wakwezi wenzake kutoka kijiji cha pili. Alikuwa amewawekea changu mzuri wa kukaanga, naye Shombo akawatangulia. Wageni walipokaribishwa kula walikuta miiba. Vuai alishikwa na aibu, na aibu ya mwanamume mbele ya wageni hugeuka hasira upesi. Alimtupia paka upawa, akamkosa, kisha akamgeukia mkewe: "Wewe na paka wako ni mamoja! Chukua paka wako mwende zenu!"

Mize aliinuka. Alifunga nguo zake katika kanga, akambeba Shombo, akaenda kwa baba yake mtaa wa pili. Alikuwa amesusa.

Jambo kama hilo lina dawa yake inayojulikana. Mume hupoa, huenda kwa wakwe, huomba radhi, huchukua mkewe, basi. Lakini jioni ile ile wenzake walimtania Vuai, naye akaapa barazani: "Mguu wangu hautakanyaga kizingiti cha Mzee Pandu. Mize aliondoka kwa miguu yake, atarudi kwa miguu yake." Maneno yalifika kwa Mzee Pandu kabla ya isha. Mzee naye hakuwa mtu wa kuachia neno lipite. Alisema msikitini, mbele ya watu: "Binti yangu hatoki kwangu mpaka huyo aje mlangoni aombe. Na mwezi ukiandama hajaja, nakwenda kwa kadhi kuidai talaka." Basi ikawa kila mmoja yuko juu kwenye neno lake, na kila alfajiri Vuai akiamka anautazama mwezi unavyopungua.

Pekee aliyeacha kususa alikuwa Shombo. Paka ni wa nyumba, si wa mtu. Baada ya siku chache kwa Mzee Pandu alirudi zake kwa Vuai, akalala juu ya jiwe la jikoni kama kwamba hakuna lililotokea. Vuai akawa anaishi na yule yule aliyemfukuzia mke. Mwanzoni alimfanyia choyo hata cha dagaa. Baadaye akawa anamgawia, na akizungumza naye jioni, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno na mtu huhitaji pa kusemea.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku walipopita wasasi. Wasasi wa kusini huenda kuwinda nguruwe wanaoharibu mihogo, na huongozana na mbwa wengi wenye njaa. Shombo alikuwa njiani, kati ya nyumba ya Vuai na ya Mzee Pandu, pengine anakwenda kumjulia hali Mize. Mbwa walipomwona alichagua mti uliokuwa karibu, nao ulikuwa ule mnazi mrefu nyuma ya ua wa Mzee Pandu, mwembamba, laini, uliopinda kidogo juu kana kwamba unachungulia. Alipanda kama moshi. Wasasi waliwaita mbwa wao wakaenda zao, na Shombo akabaki kileleni akilia.

Watu wakaja kutazama. Mnajua kijiji. Mwingine alidai si paka, paka gani akwee mnazi, huyo ni jini tu amejibadili. Mwingine aliuliza kama paka anaweza kunywa dafu. Bi Zume alileta dagaa kwenye ungo, akauinua juu ya kichwa chake ili harufu ipande, kunguru wakawala. Kukaletwa ngazi, ikafika mahali pa aibu, chini kabisa ya nusu ya mti. Paka alitazama yote hayo akalia tena, na kila mtu akaondoka na swali lile lile: aliyejua kupanda vipi hajui kushuka?

Vuai alikuja baada ya alasiri. Alijua vizuri kinachosubiriwa. Paka huyu akifa, itasemwa kwamba Vuai alimwacha afe kwa kisirani, na Mize ataamini. Baada ya hapo, hata kabla mwezi haujaandama, hakuna ndoa. Akachomeka panga kiunoni, akaita hodi, akapanda. Shombo kumwona mtu anakuja na panga linang'aa alirudi nyuma mpaka ncha ya kuti, kuti likainama, watu chini wakapiga yowe. Vuai alimnyooshea mkono, akapata mikwaruzo mitatu mirefu. Ikambidi ashuke bila kitu, na jua likazama.

Asubuhi ya pili, mapema, aliamka akasikiliza. Sauti ya paka ilikuwa imekauka, inatoka kidogo halafu inakatika.  Alichukua kitanzi chake na pakacha la kumtilia paka. Panga aliliacha ukutani ili lisimtishe tena. Akaenda mbio, kifua wazi, mpaka shinani, akatia miguu kwenye kitanzi, akapanda.

Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mkwezi peke yake ndiye anayeweza kulifanya. Tangu ujana wake, mkono wake ukilisukuma panga kiunoni, mdomo wake huita hodi. Vitu hivyo viwili vilikwisha kuwa ndugu. Siku hiyo panga halikuwapo, na hodi nayo haikuja. Alipanda kimya kimya juu ya ua wa baba mkwe wake, na wala hakujua.

Alifika kileleni, akajipenyeza katikati ya makuti, akakaa. Shombo alikuwa upande wa pili, macho makubwa, mbavu zinahesabika. Vuai hakumgusa. "Haya, bibie," alinong'ona. "Leo sina haraka. Hebu nione unavyofanya."

Toka chini ukaja mlio. Krr, krr, krr. Mtu anakuna nazi. Masikio ya Shombo yakasimama. Mlio ule aliujua, maana Mize alikuwa na mazoea: kila akikuna nazi humtilia paka machicha kidogo kwenye kifuu. Paka aliyekwisha kukata tamaa akajikokota mpaka shingoni mwa mnazi, akaelekeza kichwa chini, akaanza kushuka. Kucha zikateleza. Akageuka kwa shida, akarudi juu akitetemeka. Akajaribu tena vile vile, kichwa mbele. Zikateleza tena.

Vuai alitazama kwa makini kama mtu aliyeonyeshwa kitu kipya. Kucha za paka zimepinda. Akielekea juu hushika, akielekea chini hazishiki kitu. Mti ule ule, kucha zile zile. "Mjinga wewe," alisema, karibu acheke. "Geuza matako! Mimi nashukaje kila siku? Umeshaona mkwezi ameshuka kichwa chini?"

Alipokwisha kusema hivyo akatazama chini kufuata ule mlio wa nazi, na kicheko kikamkauka.

Alikuwa anaona ndani ya ua wa Mzee Pandu. Mize alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya kukunia, kichwa wazi, nywele nusu zimesukwa. Pembeni yake kulikuwa na kifuu chenye machicha, na hapakuwa na paka. Kisha aliacha kukuna, akafuta mikono, akachukua nguo iliyokuwa juu ya mkeka, akaendelea kuishona. Vuai aliijua nguo ile kabla hajaiona vizuri. Mashati ya mkwezi huisha kifuani, pale gome linapokwaruza kila siku. Lile lake la kazi, alilodhani limepotea, lilikuwa limewekewa kiraka kipya kifuani, na Mize alikuwa akikizungushia mshono wa pili, taratibu, kama anayeshona kitu kitakachovaliwa kesho.

 Vuai alitaka kupiga kelele za furaha. Hapo hapo kuti alilolishika likalia, Mize akainua macho.

"Yallah! Mtu juu!" Akajitupia kanga kichwani, akakimbilia ndani.

Mzee Pandu alitoka akiwa bado anafunga shuka. Alizunguka ua mpaka shinani, akatazama juu mkono umekinga jua. Watu waliokuwa wakienda kisimani wakasimama.

"Nani huyo juu ya mnazi bila hodi?"

"Ni mimi, baba. Vuai."

"Vuai!" Mzee aliwageukia watu. "Mmemwona? Mlangoni kwangu hawezi kuja, lakini kuchungulia ua wangu anaweza. Shuka! Shuka uje ujibu!"

Watu waliguna. Kupanda bila hodi lilikuwa jambo zito, na kulifanya juu ya ua wa wakwe ndiyo kabisa. Vuai alikaa pale juu na mawazo yakimwenda mbio. Angeweza kusema: nimekuja kwa ajili ya paka, kosa gani hilo? Angeweza kusema neno moja tu la kumfunga mzee mdomo: binti yako huyo unayemdaia talaka anashona shati langu. Kila jibu alilolishika lilikuwa la kumshusha akiwa na kichwa mbele, yeye mshindi na mwenziwe mshinde. Na kila alipolipima aliona halishiki. Lile la shati lingemrudisha mke kwa kumwaibisha. Isitoshe, alichokiona juu ni cha juu.

Mbele yake Shombo alikuwa tena ameelekeza kichwa chini, anateleza, anarudi. Vuai akamtazama kwa muda. Kisha akasema polepole, kwa paka au kwa nafsi yake, "Basi sote wawili, bibie. Sote wawili tugeuke."

Akainamia chini, akaita, "Baba! Nakuomba kitu kimoja. Mwambie Mize aendelee kukuna nazi. Paka anamsikia."

Mzee alifungua mdomo kukataa. Lakini yeye naye alikuwa amekesha akimsikia paka yule, na zaidi ya hayo alitaka kujua itakuwaje. Udadisi ni ugonjwa hata wa wazee. Akaashiria kwa mkono. Baada ya kitambo, nyuma ya makuti, mlio ukaanza: krr, krr, krr.

Shombo akaja shingoni mwa mnazi. Vuai akamshika ukosi, safari hii bila kumvuta kwake, akamgeuza, akamweka kwenye shina, mkia chini, kichwa juu. Paka alishangaa. Kucha zilikuwa zimeshika. Akashusha mguu mmoja wa nyuma, ukashika. Akashusha mwingine. Vuai naye akatia miguu kwenye kitanzi, akamfuata kwa juu, polepole kuliko alivyowahi kushuka mnazi wowote. Kila paka alipotaka kugeuza kichwa kwenda chini, alimzuia kwa unyayo: "Nyuma, bibie. Nyuma nyuma."  

Karibu na ardhi Shombo aliruka, akapita kati ya miguu ya watu, akaingia uani moja kwa moja kwenye kifuu chake. Mlio wa nazi ukakatika, kikasikika kilio kidogo cha mwanamke.

Vuai akakanyaga ardhi, mgongo kwa watu, uso kwenye gome. Ilimbidi ageuke. Akageuka, akamfuata Mzee Pandu, aliyekuwa amekwisha kurudi kusimama kwenye mlango wa ua, mkono mmoja umeshika mwimo. Vuai alikwenda mpaka kizingiti, kile kile alichokiapia.

"Baba," alisema, "nimepanda bila hodi. Sina la kujitetea."

Mzee alikuwa amejiandaa kwa ubishi, akakosa pa kushika. "Na huko juu umeona nini?"

Watu walisogea.  Mize alikuwa amesimama nyuma ya kiambaza cha makuti, paka kwapani, shati mkononi, akijua hasa ni kitu gani kilichoonekana, na akijua kwamba neno moja tu litamfanya kichekesho cha kisimani mwaka mzima.

"Nimeona paka," alisema Vuai.

"Paka tu?"

"Paka tu, baba. Na kuna jingine. Nilimwambia mwanao mbele ya wageni achukue paka wake aende zake. Lile neno lilikuwa baya. Nilisema mguu wangu hautafika hapa, na hilo pia lilikuwa la kipumbavu. Nimefika. Nakuomba radhi, nawe unipe ruhusa nimwombe yeye."

Ilikuwa zamu ya Mzee Pandu sasa, na hapo ndipo watu walipoona kwamba si Vuai peke yake aliyekuwa juu. Mzee alikuwa ameitaja talaka msikitini. Alikuwa amemwita mkwewe mchunguliaji mbele ya kisima kizima. Aje alainike ghafla hivi hivi? Alikohoa. Alisema mambo haya yana taratibu. Alisema lazima waitwe wazee, lazima waje watu wa upande wa pili, na huu si wakati. Mkono wake ulikuwa bado umeshika mwimo, na macho yake yalikuwa yanatafuta njia ya kutokea bila kuiona.

Mize akatokea nyuma yake, amejitanda kanga, macho chini. Hakupaza sauti.

"Baba," alisema, "mnazi hushukwa kinyumenyume."

Mzee Pandu alimtazama binti yake. Akamtazama paka, ambaye alikuwa akijilamba machicha. Akamtazama Vuai mwenye mikwaruzo mkononi na kifua kilichochubuliwa na gome. Halafu akauachia mwimo, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kinyumenyume, mpaka mlango ukawa wazi.

"Pita, mwanangu," alisema. "Mama yako ameshatia tui."

Mize akamtupia mumewe shati begani. "Vaa," alimwambia. "Unatoka damu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Waliokuwa kisimani waliyachukua maneno ya Mize pamoja na maji yao, yakafika kila nyumba, na mpaka leo mtu akijipandisha kwenye neno asiloweza kushuka nalo, anaambiwa hivyo. Kupanda, kila mtu hupanda uso mbele, watu wanamtazama. Kushuka hakuna namna hiyo. Utageuza mgongo, utatanguliza mguu usikokuona, nao utashika.

Naam, nimemsikia. Huyo anayekohoa nyuma ya kiambaza tangu nilipomtaja Shombo ni Ridhiwani. Msimcheke. Mmoja wenu amfungulie mlango, na wengine mrudi nyuma kidogo apate pa kupita. Mnazi hushukwa kinyumenyume.